Tupeane uzoefu: Wapanda baiskeli wa Dodoma, mvua ya kwanza imewahi kukukuta wapi?

Pedali za Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Mvua ya kwanza imenyesha leo, nusu saa tu, na nimefika nyumbani mikono inatetemeka. Nimeona niandike kabla sijalala.

Nilikuwa natoka Mtumba kurudi Ilazo kwa ile njia ya pembeni ya barabara ya Dar. Mvua ilishakata, vitofali vinang'aa. Wanafunzi wa msingi walikuwa ndiyo wametoka, wamejaa njia nzima, mmoja anatembea kinyumenyume anamsimulia mwenzake. Nikabana breki kama nilivyozoea tangu mwezi wa tano. Baiskeli haikusimama. Raba zikapita kwenye ringi kama zimepakwa mafuta, tairi la nyuma likaanza kutangulia. Nikaona bora nianguke mimi. Nikajilaza upande wa mtaro. Goti limechunika, usukani umepinda.

Yule mtoto akaja akaniokotea kiatu, akasema, "Shikamoo, pole." Hiyo shikamoo ndiyo inayoniuma kuliko goti. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa na mwendo wa Agosti kwenye njia ya Novemba.

Naomba tupeane uzoefu. Masika haya mnapitaje, na mnaishije na waenda kwa miguu?

Kizota Yetu
Pole sana mkuu. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Ya tatu ikifika barabara inakuwa imeshaoshwa.

Fundi Spoku
Kizota amesema kweli. Mimi natengeneza baiskeli Majengo na kila mwaka wiki hii banda linajaa usukani uliopinda. Miezi sita magari yanadondosha oili, vumbi linakaa juu yake, hakuna kinachoosha. Mvua kubwa ingeondoa vyote. Manyunyu yanavikoroga tu vinakuwa uteute.

Halafu breki. Ringi ya chuma ikilowa, raba haishiki mpaka maji yafutike kwanza. Kwa hiyo ukiona watu mbele, anza mapema: gusa breki kidogo, achia, gusa tena, ringi itajifuta. Ndipo ubane. Ukingoja ubane mara moja kwa nguvu, yanakukuta ya mleta mada. Na raba zilizokaa kiangazi kizima chini ya jua la Dodoma zinakuwa ngumu kama mfupa. Badilisheni. Ni kitu cha bei ndogo kuliko goti.

Mwalimu Mstaafu
Pole mwanangu. Nisahihishe kidogo: Dodoma hatuna vuli wala masika. Hayo ni ya watu wa Pwani na kaskazini. Huku ni mvua za msimu, moja tu kwa mwaka, zinaanza Novemba au Desemba zinaishia Aprili. Wazee wanaita kifuku. Nasema hivi si kwa ubishi, ni kwa sababu maji yote ya mwaka yanakuja ndani ya hiyo miezi michache, na ardhi yetu ilishakauka ikawa kama sakafu, haimezi. Yanakimbilia makorongoni. Anayengoja masika ya mwezi wa tatu ndipo abadilishe mwendo, atakuwa ameshaanguka mara nne.

Mtembea kwa Miguu
Mimi sina baiskeli, nina miguu. Nimesoma hapo juu nikakumbuka ya mama yangu, na nitasema hata kama mtachukia.

Mwezi wa saba mwaka jana alikuwa anakwenda misa ya asubuhi. Mnajua mwezi wa saba saa 12 asubuhi Dodoma bado ni giza, na baridi watu wamejifunika mitandio mpaka masikioni. Baiskeli ikatoka nyuma yake. Haina taa, haina kengele, haina hata kikohozi. Usukani ukampiga begani, akaanguka juu ya mkono. Aliyempiga akageuka, akasema "samahani mama", akaendelea kukanyaga. Mama ana miaka 68. Mpaka leo akisikia cheni nyuma yake anasimama na kushika ukuta.

Mnaongelea raba za breki. Mwenzenu aliyemwacha mama chini pale breki zake zilikuwa nzima.

Dumu Nne
Dada, mimi siyo yule, lakini nakuomba radhi kwa niaba ya wapanda baiskeli. Na umenifanya niangalie taa yangu ya nyuma sasa hivi. Imekufa, sijui tangu lini.

Boda wa Sabasaba
Dawa ni ndogo. Baiskeli ni chombo cha moto nusu, ziende barabarani. Njia ya pembeni ni ya watembea kwa miguu.

Kizota Yetu
Baiskeli haina moto hata robo, mkuu. Na unajua kwa nini hatupiti vizuri pembeni? Kwa sababu ninyi mmeegesha pikipiki pale, mbele yenu machinga ametandika viatu, pembeni mama lishe ameweka jiko. Mimi nikiingia kwenye lami nakutana na malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanayoelekea Singida. Nikirudi ndani nakutana na tairi lako la mbele. Niambie nipite wapi?

Boda wa Sabasaba
Sisi tupo kazini. Abiria anashukia pale, nimsubirie Chamwino?

Mtembea kwa Miguu
Na mimi nipite wapi? Mnagombania njia ambayo wote wawili si yenu.

Boda wa Sabasaba
Haya dada. Pole ya mama. Kijiwe chetu tutasogea nyuma ya mti, hilo nitawaambia wenzangu kesho. Lakini baiskeli wawe na kengele.

Mtumishi Mtumba
Kengele ndiyo, ila si ile ya kupiga mgongoni kwa mtu, anaruka upande usiojulikana. Piga mbali, mita 20 hivi, mara moja, halafu punguza. Mimi huongeza "kulia kwako mama" au "shikamoo babu, napita". Mtu akisikia sauti ya binadamu hashtuki.

Nyongeza kwa wanaokwenda mashariki kila siku, mjini hadi Mtumba, kama kilomita 17. Asubuhi jua liko usoni, jioni ukirudi jua liko usoni tena. Ukilalamika huoni, kumbuka dereva aliye nyuma yako haoni zaidi, kioo chake kina vumbi. Mimi kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu jioni sipandi lami kabisa. Julai hadi Septemba unaongezewa upepo, unakwenda kazini unasukumwa kurudi nyumbani. Wenzangu huinamisha kichwa ili kuukata, na ndipo wanapogonga watu. Upepo ukizidi, shuka, kokota. Ofisi haihami.

Dumu Nne
Upepo usiuseme, mkuu. Mimi nauza maji, madumu manne ya lita 20, hiyo ni kilo 80 juu ya keria bado mimi. Agosti nilikuwa natelemka kuelekea Nkuhungu, chamchela ikatokea kwenye uwanja wa wazi, nyekundu, ina mifuko ya nailoni ndani. Nikafumba macho. Nilipofumbua nilikuwa upande wa pili wa barabara, bajaji imesimama sentimita chache kutoka kwenye goti langu, dereva analia. Yeye ndiye alikuwa analia. Alishuka akanisaidia kuinua dumu moja moja, hakunitukana hata neno. Sikumjua jina.

Tangu siku ile nikiona vumbi linazunguka hata mbali, nasimama, nashika madumu, nageuza mgongo. Inapita. Haizidi dakika.

Zabibu Mbivu
Nilikuwa nasoma tu kimya kimya, lakini Mwalimu alipotaja makorongo nimeshindwa.

Ilikuwa Februari, msimu wa kuvuna zabibu. Natoka shambani kwa mjomba upande wa Mpunguzi, kreti mbili zimefungwa kwenye keria kwa mpira. Jua linawaka, hakuna tone la mvua. Njia ya mkato inavuka korongo moja pana, mchanga mweupe, kavu kabisa, watu wanapita na mbuzi wanalala humo. Nimeshavuka mara mia.

Nikaanza kutelemka. Ng'ambo kulikuwa na mzee na mbuzi wake, akainua fimbo akawa ananiita. Upepo unachukua maneno. Nikajua ananisalimu. Mimi nimelelewa na bibi Mgogo, mkubwa humsalimii umekaa juu ya siti. Kwa hiyo nikasimama katikati ya mteremko, nikashuka, nikaegemeza baiskeli kwenye ukingo, nikapanda juu kidogo ili anisikie. Nikasema, "Mbukwenyi!"

Hakuitikia. Alikuwa anaelekeza fimbo upande wa juu wa korongo.

Kizota Yetu
Ikawaje?

Dumu Nne
Dada usituache hapo.

Zabibu Mbivu
Samahani, nilikuwa nalaza mtoto.

Nilisikia kwanza. Nilidhani ni lori la kokoto. Halafu nikaona kitu cha kahawia kinakuja kinabiringika, mbele yake povu na vijiti, urefu kama kiuno cha mtu mzima. Si kama mto unavyojaa taratibu. Ni ukuta unatembea. Ulipita pale niliposimamisha baiskeli, na baiskeli haikuwepo tena. Nikaona kreti moja inazunguka, zabibu zimetawanyika juu ya maji, halafu hakuna kitu. Mimi nimekaa chini, miguu haina nguvu. Mzee ng'ambo naye amekaa. Tukatazamana na yale maji katikati kwa muda wa karibu saa mbili.

Yalipopungua alivuka yeye kunifuata, mimi sikuweza. Akaniitikia ile salamu yangu. Ndipo nikalia.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, sisi hatukuona hata wingu. Baiskeli ilipatikana kesho yake mbali chini, imezikwa mchangani, inaonekana kengele na mkono mmoja wa usukani.

Nala Express
Kama mvua haikunyesha hapo, maji ya kiuno yametoka wapi? Tusikuze mambo.

Mwalimu Mstaafu
Bwana mdogo, ungekuwa umekulia hapa usingeuliza. Ng'ombe wangapi tumewapoteza hivyo hivyo, jua likiwaka. Maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako. Na jina la mji wenyewe ni la kuzama: wazee wanasimulia tembo alikuja kunywa kwenye kijito pale Kikuyu akadidimia kwenye tope, wakasema *idodomya*. Kama tembo hakutoka, baiskeli je? Mama, nashukuru uko hai. Huyo mzee umemtembelea tena?

Zabibu Mbivu
Kila mavuno napeleka kreti moja kwake, Mwalimu.

Nala Express
Nimeelewa. Samahani dada.

Kizota Yetu
Mimi huwa napima kwa fimbo, yakiwa chini ya goti navuka huku nimeshika baiskeli upande wa chini.

Fundi Spoku
Usivuke mkuu, maji yakiisukuma baiskeli yanakuvuta nayo. Na fimbo inapima kina cha sasa hivi, haipimi kinachokuja. Yakiwa yanatembea, subiri. Makorongo yetu yanajaa haraka na kukauka haraka.

Dumu Nne
Swali kwa fundi: tope likianza, nipunguze upepo kwenye tairi au niache?

Fundi Spoku
Asiye na mzigo apunguze kidogo, tairi litakaa pana lishike. Wewe wa kilo 80 usithubutu, ringi itakula tyubu kwenye jiwe la kwanza.

Mtumishi Mtumba
Mimi sina mzigo na sipunguzi. Nilipunguza mwaka juzi nikapata pancha tatu wiki moja.

Fundi Spoku
Hizo zilikuwa mbigiri mkuu. Zinaota na mvua, zikikauka mwezi wa tano na wa sita kila njia inakuwa na misumari. Chukua tyubu kuukuu, ipasue, itandike kati ya tairi na tyubu nzima. Utasukuma uzito kidogo lakini utalala nyumbani.

Binti Makole
Mmesahau reli. Pale pa kuvukia reli ya zamani, ikilowa, usiikate mshazari. Nilifanya hivyo na sare ya kazi, tairi likaingia kwenye mfereji wa chuma, nikatua kwa kiwiko. Ivuke ukiwa umeinyookea, au shuka. Mistari myeupe ya kivuko cha watembea kwa miguu nayo inateleza hivyo hivyo.

Mtembea kwa Miguu
Nina ombi moja kwenu. Madimbwi. Mkiyapita kwa mwendo sisi ndio tunaofika kazini na sketi ya tope. Punguzeni tu, hatuhitaji samahani.

Kizota Yetu
Limesikika dada. Na ninyi mkitembea wanne msishikane mikono njia nzima.

Mtembea kwa Miguu
Sawa. Wawili wawili.

Pedali za Ilazo
Nimerudi wakuu, sikutegemea haya yote. Leo asubuhi nimepita pale pale muda wa wanafunzi kuingia. Nilishuka nikakokota mpaka nilipowapita wote. Yule wa jana aliniona, akaangalia goti, akauliza, "Limepona?" Nikamwambia bado. Akasema mama yake anaweka majivu. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake, naye akacheka akakimbia.

Dada Mtembea, shikamoo nyingi kwa mama. Fundi, kengele unazo? Na taa za nyuma mbili, moja yangu na moja ya Dumu Nne, nitamlipia. Banda liko upande gani wa Majengo?

Fundi Spoku
Upande wa mama lishe, uliza fundi wa spoku utaelekezwa. Usukani tutaunyoosha hapo hapo. Ila uje kabla ya saa 10, upande wa Nzuguni kumeshaanza kuwa kweusi.