Mafunzo ya uchumi rejelezi: tumfundishe nani kwanza, na tumfundishe nini?

Mleta mada (mwalimu wa ufundi, Tanga)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa mafunzo ya wiki sita kwa vijana thelathini kuhusu uchumi rejelezi, yaani utaratibu wa kukifanya kitu kidumu, kikarabatiwe kinapoharibika, na malighafi yake irudi kiwandani badala ya kuishia dampo. Rasimu niliyopewa ina mada kumi na mbili, na kumi kati ya hizo ni nadharia tupu: maana, historia, faida, changamoto. Kila nikiisoma moyo unasita, kwa sababu nje ya geti la chuo yuko mzee anayekata matairi chakavu na kutengeneza katambuga tangu kabla sijaajiriwa, na hakuna ukurasa hata mmoja unaomtaja mtu wa aina yake. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: nianze na vijana wasiojua kitu, au nianze na walio kazini tayari? Na wiki sita zinatosha kufundisha nini hasa?

Mnunuzi wa chupa, Dar es Salaam

Mwalimu, anza na walio kazini. Mimi hununua plastiki kutoka kwa waokotaji na kuiuza kwa kilo. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Yuko mama mmoja anayeniletea mzigo ambaye hakumaliza darasa la saba, lakini mpe kipande cha plastiki kisicho na alama yoyote atakwambia ni cha aina gani: atakikunja asikilize kinavyolia, atakikwaruza kwa ukucha, na akibaki na shaka atakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kipande cha kizibo au cha dumu huelea. Kipande cha chupa ya maji ya kunywa huzama. Ujuzi huo hakuna aliyemfundisha, na hakuna karatasi inayouthibitisha.

Hata hivyo, ujuzi wa ndoo una mpaka wake, na mpaka huo niliujua kwa hasara. Mzigo wangu mzima ulikataliwa kiwandani kwa sababu ulikuwa na vipande vichache vya PVC, plastiki ya mabomba ya maji, ambayo nayo huzama kama chupa, kwa hiyo ndoo haiwezi kuitenga. Chupa za maji, zile zenye namba 1 chini yake, huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi. PVC haistahimili joto hilo. Huungua na kutoa asidi inayoharibu plastiki yote iliyo pamoja nayo na kula vyuma vya mashine. Mimi niliambiwa neno moja tu, “mchafu”, nikarudishiwa magunia yangu. Somo la saa mbili juu ya namba zile ndani ya pembetatu lingeniokoa, na lingemwokoa yule mama, kwa maana hasara ile ilishuka mpaka kwake.

Jambo jingine: panga masomo mchana, baada ya mizani kufungwa. Mwokotaji akikupa asubuhi yake amekupa chakula cha watoto wake.

Fundi wa majokofu, Mombasa

Namuunga mkono ndugu wa Dar, na ninaongeza suala la usalama, ambalo huku kwetu tumelilipia kwa afya za watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari kiliwatia sumu wakazi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kurejeleza betri ni kazi ya uchumi rejelezi kwa kila tafsiri, lakini ikifanywa bila maarifa na bila usimamizi inaua. Kijana anayepasua betri uani kwake na kumwaga asidi mtaroni anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla hajaelezwa faida.

Katika fani yangu nimeona elimu ikibadilisha mazoea. Zamani tulikuwa tunakata paipu na kuiachia gesi ya jokofu hewani. Baada ya nchi zetu kujiunga na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 unaolinda tabaka la ozoni dhidi ya gesi kama hizo, mafundi waliokuwa gereji tayari walianza kupewa mafunzo ya kuifyonza gesi kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Walifundishwa kwa kushika kifaa chenyewe mkononi.

Mkazi wa Mwanza

Nakubaliana nanyi kuhusu mafundi, lakini msiwasahau wenye nyumba. Mama akitenga maganda na chupa jikoni kwake, kisha akaona gari la taka likivimwaga vyote pamoja, hatatenga tena, na hakuna semina itakayomrudisha. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 tulilielewa upesi kwa sababu kila mtu alijua tarehe na kitu gani hasa kimekatazwa. Kwa hiyo wafundishwe pia wenye magari ya taka na watendaji wa mitaa.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Nitapendekeza nafasi kumi na tano kati ya thelathini wapewe mafundi na waokotaji, na nitawasiliana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, kuhusu utaratibu wao wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili yule mama wa ndoo na wenzake wapimwe kwa wanachokijua na kupewa cheti. Nadharia nitaibakiza siku mbili.

Leo jioni nilikwenda kwa mzee wa katambuga. Aliniwekea tairi mbili mbele yangu, akanipitishia kidole kwenye mkato wa kila moja: ya kwanza ina waya za chuma ndani, ya pili ina nyuzi tu. Yenye waya haikati, akasema, kwa sababu waya hutokeza na kumchoma mvaaji. Nikamuuliza hizo zenye waya huwa zinakwenda wapi. Akanionyesha rundo nyuma ya kibanda, lililofikia kimo changu, akaniambia wakati mwingine watu huja kuzichoma ili wachukue chuma. Kama kuna aliyewahi kuona kazi salama ya tairi za namna hiyo, naomba aniandikie hapa. Nataka iwe mazoezi ya wiki ya kwanza.