ETI MASIKIO YANGU YAMEZOEA PUNDA!! Yule jamaa wa spika wa Malindi leo kanivunjia heshima

KijanaWaMkomani
Wadau naandika niko ndani ya basi, Gongoni tumeipita sasa hivi, mikono bado yanitetemeka kwa hasira kwa hivyo mkiona herufi zimepinda nivumilieni. Yule jamaa wa spika pale Malindi, simtaji na sina haja ya kumtaja, mwenyewe mwamjua, yule ambaye kila kitu dukani kwake kilikuwa cha Mtaliano aliyekuwa anarudi kwao (Wataliano aliowahi kuwataja yule bwana wakikusanywa Italia haiwatoshi), leo kanitukana mbele za watu. Kaniambia hivi, neno kwa neno: "Wewe watoka Amu, masikio yako yamezoea mlio wa punda, spika hizi utazijulia wapi?" (Amu ndio Lamu, kwetu.)

PUNDA!!!

Miezi minane naweka pesa. Nimeacha miraa, nimeacha soda, harusi ya binamu yangu nimevaa kanzu ya mwaka juzi, yote kwa sababu ya spika. Nyumbani nina amplifaya yangu ya wati 40, wati za kweli za RMS, si zile zinazoandikwa kwenye boksi kwa rangi nyekundu, imebaki spika tu. Nimetoka Amu alfajiri, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, flashi yangu mfukoni ina nyimbo sita za taarabu ya udi, nyimbo nimezisikiza miaka mpaka najua mwimbaji avuta pumzi wapi na kidole kinakwaruza uzi wapi. Mtu anunua spika kwa wimbo anaoujua. Yeye hataki, akutilia wimbo wake yeye, kigitaa kimoja na maji yadondoka, ule wimbo hata ukiupiga kwenye sufuria utasema hii sufuria natoka nayo.

Basi nikamsihi akaitia flashi. Kuna spika za 38,000, ndizo nilizofuata, na kando kuna zake za 95,000 za huyo Mtaliano. Za 38,000 akazipiga kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akahamisha waya kwa zile kubwa, na nimemuona kwa macho yangu, mkono ukaenda kwenye kitufe akapandisha, vioo vya kaunta vikaanza kucheza chakacha. Kisha ananigeukia na lile tabasamu, "Waona tofauti?"

Natofautisha nini hapo bwana? Kitu kikipigwa juu zaidi sikio lakipenda zaidi, ndivyo tulivyoumbwa, hata ikizidi kidogo tu hutajua kama imezidi, utasema tu hii ni nzuri. Tena zile zake nyuma zimeandikwa desibeli 90, hizi ndogo 84, kwa wati moja mita moja. Kila desibeli 3 yataka wati maradufu, kwa hivyo hapo kuna tofauti ya wati mara nne. Hata angekiacha kitufe palepale zile zingepiga kwa kishindo zaidi, na bado akapandisha! Nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Ami, sawazisha sauti kwanza ndio nisikize."

Ndio hapo akanitizama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akasema maneno ya punda. Na watu wakacheka!! Vijana wawili wa tuktuk walicheka, kijana wa juisi alicheka, kuna mama alikuja kununua betri za rimoti, mama wa watu na mtoto mgongoni, naye akacheka, na nadhani hata mtoto alicheka.

Kisha ati hajamaliza. Akanivuta kwa sabufa moja boksi limeandikwa wati 5,000 PMPO, zile wati za kutangazia tu. Stima yetu volti 240, soketi ya ukutani ampea 13, zidisha mwenyewe wapata 3,120 ndio mwisho wa plagi nzima, sasa hizo zilizobaki zatoka wapi, zatoka baharini? Nikamuuliza hilo pia. Hakujibu. Alitoa mlio wa punda. Kwa mdomo wake, mtu mzima na mvi zake, alilia kama punda, na wale wa tuktuk wakapiga makofi.

Na waya! Mita 3 kwa 12,000, ati ncha zimepakwa dhahabu. Dhahabu haishiki kutu, sawa, sisi watu wa chumvi ndio twalijua hilo kuliko yeye, lakini kwa mita 3 waya wa shaba wa mili 2.5, huu huu unaovutwa kwa soketi za nyumba, wapitisha wimbo uleule.

Nimetoka na pesa yangu na tusi lake. Mimi nilitaka kusikiza spika mbili kwa sauti moja, hilo tu, kwa masikio yangu mwenyewe maana mimi ndiye nitakayekaa nazo. Mtu wa kuniambia punda!!

Ngomeni_Bwoy
Kaka pole 😂😂 swali moja tu, huo mlio wa punda alioutoa ulikuwa RMS ama PMPO?

DadaWaShela
Huyo huyo! Mimi aliniambia "mwanamke hanunui spika, anunua pazia". Nikamwambia pazia lina kazi yake kwenye muziki kuliko wewe, nyumba zetu hizi za mawe na chokaa bila pazia na zulia sauti yarukaruka ukutani kama mpira, maneno ya wimbo huyasikii. Akanyamaza. Lakini spika pia sikununua.

Stage_ya_Tuktuk
Mimi ni mmoja wa hao wawili wa tuktuk. Mleta uzi sema ukweli wote. Hukusema "ami". Ulisema "wee mzee shusha hiyo".

KijanaWaMkomani
SIKUSEMA WEE MZEE. Nilisema ami! Mimi nimelelewa! Na wewe ndiye ulopiga makofi? Twaonana.

Stage_ya_Tuktuk
Nilipiga makofi kwa sababu mlio ulitoka vizuri. Kama punda mwenyewe yuko dukani.

FundiKepasita
Wacheni kelele niulize kitu cha maana. Mleta uzi, hizo za 38,000 zilipolia, besi ilikuwepo? Na mwimbaji alikuwa katikati ya spika mbili ama hujui yuko wapi?

KijanaWaMkomani
Besi hakuna kabisa fundi, nikashangaa maana niliwahi kuzisikia kwa mtu Lamu zikawa na besi nzuri tu. Na mwimbaji sijui nisemeje, kama yuko kwa jirani, kama sauti yanizunguka kisogoni.

FundiKepasita
Basi ulichezewa. Spika moja waya zilipinduliwa, nyekundu kwa nyeusi. Moja ikisukuma nyingine yavuta, besi za pande mbili zauana hewani na sauti ya katikati yapotea. Spika nzima kabisa lakini yasikika kama imekufa. Siku nyingine kabla hujatoa hukumu zunguka nyuma utizame rangi.

KijanaWaMkomani
Ya Rabi. Kumbe wakati ananiita punda alikuwa tayari ashanipindulia waya!! Nataka kushuka kwenye basi. Walahi nataka kushuka.

Ngomeni_Bwoy
Usishuke kaka hapo mlipo ni porini, utakutana na punda.

FundiKepasita
Na hizo za 95,000, ule ukingo unaozunguka koni ni raba ama foamu?

KijanaWaMkomani
Foamu. Nilibonyeza kidogo kwa kidole akanipiga mkono.

FundiKepasita
Hahaha ndio maana. Foamu yazeeka yenyewe hata huko Ulaya, sasa ije kwa joto na unyevu wetu, yavunjika kama biskuti. Mkono ulikaribia kutia tundu kwenye 95,000 yake. Raba ndiyo yaishi. Spika ya zamani ibonyeze koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza ndani iache hapo hapo hata akupe bure.

MzeeWaSanturi
Vijana shida yenu ni hizo flashi. Wimbo umekamuliwa mpaka umebaki maganda halafu wadai wasikia pumzi ya mwimbaji. Enzi zetu twasikiza santuri, mtu akigusa uzi wa udi wasikia na ukucha.

KijanaWaMkomani
Mzee wangu kwa heshima, hizo faili nimezitoa kwenye CD mimi mwenyewe, hazikukamuliwa, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, vilevile kama CD zilivyoanza kuuzwa mwaka 1982. Ukucha upo. Mwenye duka ndiye hana adabu, hapo ndipo penye neno.

MzeeWaSanturi
Santuri ni santuri.

BintiGarsen
Mie nawasoma kimya kimya lakini hili la spika limenikumbusha basi. Nilibeba sabufa moja ndogo ya kakangu, makanga akanichaji siti nzima! Ati "hiyo yakaa kama mtu". Nikalipa. Kufika njiani akapakia mbuzi watatu BURE.

Ngomeni_Bwoy
Mbuzi hawana PMPO dada.

DadaWaShela
Na kutoka jeti hadi nyumbani je? Gari hatuna, ni punda ama mkokoteni. Juzi mtu kanidai 500 kwa boksi moja mpaka Langoni. Nikamuuliza boksi la spika na mfuko wa simiti kipi kizito? Akasema "spika ni mali ya tajiri". Tajiri gani mimi nimevaa leso moja.

MwenyeBoriti
Kwanza mleta uzi una chumba cha aina gani? Ikiwa ni nyumba ya kale ya mawe basi chumba ni kirefu na chembamba, upana wake ni urefu wa boriti za mkoko, hazifiki mbali. Ukitia spika za ukubwa wa kabati mle besi itajaa kwenye pembe mpaka ikutoe nje. Hizo ndogo zakutosha, zisogeze mbali na ukuta kidogo, kitandani kama huoni sawa kaa chini kwenye mkeka. Mimi zangu nilizitia kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikajuta, zikasikika kama mtu yuko ndani ya mtungi.

KijanaWaMkomani
Shukran sana, wewe ndiye wa kwanza kuongea nami kama mtu. Ni nyumba ya kale ndiyo. Lakini wadau mbona twalipita lile neno? Alinilia kama punda! Dukani! Nimeingia na pesa halali mfukoni!

Stage_ya_Tuktuk
Kusema kweli baada ya kutoka bado alikuwa analia. Mteja mwingine akaingia akafikiri ni spika.

AbuuMokowe
Mwalalamikia punda, mimi shemeji aliniletea redio kubwa kutoka Marekani, nzuri, nzito, vitufe vya chuma. Hakuna aliyetizama nyuma imeandikwa volti 120. Nikatafuta plagi ya kugeuza nikachomeka. Iliimba sekunde mbili. Moshi wake mpaka majirani walikuja na ndoo. Za Wataliano angalau hazina shida hiyo, kwao umeme wakaribiana na wetu, wabadilisha plagi tu.

FundiKepasita
Wangapi wameniletea hizo za 120. Nina pipa zima.

MvuviWaWitu 
Umeme wenyewe ndio adui hapa, tusilaumiane. Jana umekatika ukarudi kwa kishindo mara tatu, taa zikawaka kama jua, friji langu la samaki tangu hapo langurumanguruma lakini barafu hakuna. Nina kilo 40 za changu mle ndani na wateja waja kesho. Nikipiga simu kwa wahusika naambiwa nisubiri.

DadaWaShela
Kilo 40!! Kwetu pia umerudi hivyo hivyo, feni imeungua. Na hakuna anayelipa.

BintiGarsen
Weka stabilaiza kaka. Sisi tulipoweka tumepumzika.

MvuviWaWitu
Stabilaiza ya friji kubwa ni bei gani saa hizi? Na fundi upo? Likinguruma bila kupoza ni gesi imetoka ama komplesa imekufa?

FundiKepasita
Weka mkono kwenye lile bomba la nyuma linalotoka kwenye komplesa. Lina moto ama baridi?

KijanaWaMkomani
Tumefika Minjila. Jamani huu uzi ni wa yule jamaa wa spika. Nataka watu wawili wa kwenda na mimi wiki ijayo turudi pale dukani, nitizame zile waya nyuma mbele yake, nyekundu na nyeusi, watu wote waone kama walivyoona mwanzo. Nani yuko tayari?

MvuviWaWitu
Ngoja kwanza kaka, samaki wataoza. Fundi, bomba ni vuguvugu.

FundiKepasita
Vuguvugu si kuzuri. Lizime kabisa dakika kumi, usilifungue mlango, kisha liwashe tena uniambie kama lasema "tak" halafu lanyamaza.

BintiGarsen
Na kilo mbili za hao changu waweza kuniwekea? Nitatuma mtu jioni.

MvuviWaWitu
Limesema tak.