Mama Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anataka chumba kwangu, wapangaji hawamtaki. Nifanyeje?

MamaMabatini:
Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri, na mwenye kejeli aniache leo.

Nina nyumba ya kupangisha hapa Mabatini, Mwanza, chumba kimoja kiko wazi tangu mpangaji aliyekuwemo ahamie Geita. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja Mkongo, ametokea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Mwanawe ana uvimbe tumboni, amepewa rufaa hospitali ya Bugando, na matibabu yake ni ya kwenda na kurudi: mtoto anawekewa dawa, anaruhusiwa, wanasubiri siku kadhaa, anarudi tena. Anataka chumba cha miezi mitatu karibu na hospitali. Kodi yupo tayari kulipa yote kwa mkupuo.

Tatizo ameongozana na mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na kitu, ana ndevu na ni mtu wa swala tano. Wapangaji walipowaona wakafanya kikao barazani bila kuniita. Kinara ni fundi magari wa chumba cha mbele. Anasema nikiwaingiza hao yeye anahama, kwa sababu nani ajuaye kama huyo kijana si M23, wale waasi wa Kongo, au si Al-Shabaab wa Somalia. Mwingine akadakia kwamba hata Kibiti, kule Pwani, yale mauaji yalianza hivihivi. Mama mwenyewe anasema alikimbia Fizi akiwa binti mdogo, na hao M23 anawasikia redioni kama sisi.

Nina mabinti wawili wanaolala pale pale. Kumkatalia mwenye mtoto mgonjwa naona haya, kuingiza mtu nisiyemjua naogopa. Nimekwama.

SangaraMkavu:
Mama, pole. Mimi niko Mwaloni Kirumba. Wakongo wanakuja kubeba dagaa wetu kwa magunia, wanalipa taslimu, na sijasikia mtu akiwauliza habari za ndevu. Ikifika kupanga chumba ndipo wanageuka magaidi?

Kijana_Nyegezi:
Usiingize mtu. Garissa, Aprili 2015, Al-Shabaab waliua wanafunzi chuoni, waliokufa 148. Serikali ya Kenya ikasema wazi kambi ya wakimbizi wa Kisomali ya Dadaab ifungwe. Unadhani walikuwa wanatania? Huruma ina mipaka, una mabinti.

Mzee wa Rusumo:
Kijana, subiri wazee waseme kwanza, kisha utaendelea.

Mimi ni mtu wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 niliona kwa macho Wanyarwanda wakivuka daraja la Rusumo kuja kwetu. Ndani ya siku moja hivi walivuka kama 250,000. Benaco palikuwa pori, pakageuka mji wa maturubai. Tuliwapokea. Wake zetu walichota maji wakawapa kabla hatujaona lori hata moja la msaada. Lakini siwezi kukudanganya, mama: waliovuka hawakuwa waliokimbia tu. Waliochinja wenzao walivuka pia, na humo kambini wengine wao ndio waliokuwa wakubwa. Miti iliisha, mbuzi waliibwa, usiku milio ya bunduki ikawa kitu cha kawaida. Na nyie wa huku Ziwani mnakumbuka miili iliyokuwa inatupwa mto Kagera, ikaletwa na maji mpaka Ziwa Victoria, watu wakaogopa hata kula samaki. Desemba 1996 serikali ikaamuru Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha.

Kwa hiyo anayeogopa mimi simwiti mjinga. Ila 1994 watu robo milioni walipita kwa mkupuo, hapakuwa na wa kumchuja yeyote. Huyu wako amehojiwa, amechukuliwa alama za vidole, ana kadi ya kambi, mwanawe amepimwa na daktari ndipo akaandikiwa rufaa. Mtu mwenye nia ya kulipua hachagui njia yenye maofisa wengi namna hiyo. Anapanda basi kama wewe na mimi.

Kijana_Nyegezi:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa lakini sijakubali. Kosa moja tu linatosha.

BandariKusini:
Kijana, Garissa umeisoma nusu. Mmoja wa wale washambuliaji alikuwa Mkenya, msomi wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake chifu kule Mandera, na baba ndiye aliyekuwa ametoa taarifa kwamba mwanawe amepotea. Hakuishi kwenye hema.

Tuje kwetu. Bomu la ubalozi wa Marekani Dar, tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 walikufa. Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani waliohukumiwa New York kwa mambo yale ni wazaliwa wa Zanzibar. Na mkitaka wa Ziwa letu kabisa, yupo: Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, kigogo wa kijeshi wa Al-Qaeda, alizama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 pamoja na mamia ya ndugu zetu. Huyo naye hakutokea kambi ya wakimbizi. Alikuwa abiria.

Kijana_Nyegezi:
Al-Banshiri ni mgeni lakini. Wageni ndio waliowafundisha hao Wazanzibari.

BandariKusini:
Wageni wenye pasi za kusafiria na biashara mfukoni. Umewahi kumuona gaidi anayepanga foleni ya mgawo wa unga wa mahindi?

WakiliMkimya:
Mnabishana ugaidi, mwenye nyumba anaweza kupata kesi ya kitu kingine kabisa.

Dada, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mkimbizi anatakiwa kuishi eneo alilopangiwa. Akitoka, hata kwa matibabu, lazima awe na kibali cha maandishi. Ukimhifadhi asiye na kibali, Uhamiaji hawatakuuliza ulikuwa na huruma kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kuangalia ndevu, angalia karatasi. Majina ya nani yameandikwa? Kinaisha lini? Kinasema Mwanza au pengine? Toa nakala. Kisha nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, aandikishwe kama mgeni wako, ili siku wakija wasije kuambiwa unaficha watu. Mkataba wa chumba usizidi tarehe ya kibali.

Na swali moja la pembeni. Huyo fundi magari, kitambulisho chake cha NIDA umewahi kukiona?

MamaMabatini:
Fundi aliletwa na binamu yangu. Hapana, sijawahi.

NesiWaZamu:
Mama yangu, wagonjwa wa kambini hawaji kiholela. Pale hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, watakueleza mgonjwa ametumwa na nani na wanaomsindikiza ni wangapi. Hawatakwambia ugonjwa wa mtoto, lakini hilo lingine wanaweza kukusaidia. Na kama ni mtoto wa dawa za kansa, chumba kiwe na hewa, choo kisafishwe vizuri, na mwenye mafua akae mbali naye. Kinga ya watoto hao huwa chini sana. Ukiniuliza mimi, anayepaswa kuwaogopa wapangaji wako ni huyo mtoto.

Ng'wanaUlyankulu:
Niseme na mimi. Wazazi wangu walitoka Burundi 1972, wakapelekwa Ulyankulu. Mwaka 2014 walipewa vyeti vya uraia, wao na wenzao, jumla watu kama 162,000. Nimesoma hapa, nimeoa Msukuma, nalipa kodi TRA. Mpaka leo ikitokea wizi mtaani, naulizwa mimi kwanza. Sina la kuongeza.

MamaMabatini:
Nimerudi wakuu. Kibali nimekiona, mwenyekiti wa mtaa naye amekisoma. Jina la mama limo, la mtoto limo, Mwanza imeandikwa na tarehe bado. Jina la yule kijana halimo. Mwenyewe kakiri: kibali chake kilikuwa cha kuwasindikiza tu na siku zake zinakwisha Jumamosi. Anarudi Nyarugusu kuomba kingine, asipopata anabaki huko. Mama atakaa na mtoto, na binti yangu mkubwa kasema atamsaidia kuchota maji siku za hospitali.

Fundi aliposikia akaja juu, "si nilisema!" Nikamwambia hukusema kibali, ulisema ndevu. Na yeye nikamwomba NIDA, yeye na wapangaji wote. Wote wameleta, kasoro yeye. Anasema anahama mwisho wa mwezi.

Mzee wa Rusumo:
Umefanya vizuri mwanangu. Huyo kijana mpe nauli ukijaliwa, Kasulu ni mbali.

Kijana_Nyegezi:
Mimi bado nasema uwe macho. Lakini kwa mama na mtoto peke yao sina neno.

SangaraMkavu:
Mama, hicho chumba cha mbele cha fundi unapangisha shilingi ngapi? NIDA ninayo.