Mrejesho: Tuta la bwawa Langobaya limesimama, bomba bado linavuja

Wakuu, niliuliza jinsi ya kujenga tuta la udongo la kuzuia maji ya mafuriko ya korongo yawe bwawa, huku Langobaya, Malindi. Masika imepita, tuta limesimama. Ahsanteni sana.

Ushauri uliookoa kazi ni mtaro wa msingi: umechimbwa chini ya tuta kuvuka mchanga wote hadi udongo mgumu, ukajazwa mfinyanzi. Kila tabaka sentimita 15, maji kidogo, linashindiliwa ndipo lije lingine. Udongo wenye unyevu sawa unasokoteka kama penseli bila kukatika wala kung'ang'ania vidole. Mteremko upande wa maji ni 3 kwa 1 (mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo). Njia ya maji ya ziada imepita pembeni kwenye ardhi asili, sakafu yake mita 1 chini ya kilele cha tuta.

Bomba la kutolea maji, linalopita ndani ya tuta, ndilo bado. Maji yanapenya kwa nje yake, maana chini ya tumbo la bomba kishindilio hakifiki. Kwa sasa yanatoka safi. Yakigeuka tope, yanakula udongo ndani, na bwawa lipunguzwe maji mara moja. Kiangazi tunafukua na kuweka kola za zege (kuta fupi zinazolizunguka bomba kuziba njia ya maji). Nyasi za kwenye tuta zimeshika, isipokuwa wanapopita mbuzi (uzio haukwepeki).