Kamati ya Ushauri ya Mkoa inazisaidiaje halmashauri mbili zinazopakana?

Diwani wa Mpakani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni diwani katika halmashauri ya wilaya inayopakana na manispaa. Ndani ya kata yangu kuna eneo ambalo manispaa imekuwa ikimwaga taka zake kwa miaka mingi, kwa kuwa yenyewe imejaa nyumba na haina tena ardhi ya kutosha kwa shughuli hiyo. Malori yanapita katika barabara yetu, moshi wa dampo unatufikia sisi, na kila ninapoitisha mkutano wa hadhara wananchi wananiuliza halmashauri yetu inanufaika na nini. Sasa manispaa inataka dampo lipanuliwe.

Katika baraza la madiwani tulielezwa kwamba jambo hili linavuka mipaka ya halmashauri moja, hivyo litafikishwa kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mwenyekiti wetu ni mjumbe wa kamati hiyo, mimi si mjumbe. Ninaomba kueleweshwa: je, kikao hicho kina mamlaka ya kuamua, au kinashauri tu kama jina lake linavyosema? Na kama kinashauri tu, halmashauri mbili zenye mabaraza mawili na bajeti mbili zinafikiaje mpango mmoja?

Afisa Mipango Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa Diwani, jibu la swali lako la kwanza ni fupi: kamati hiyo inashauri. Hapa Tanzania iliundwa chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya 1997. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, katibu wake ni Katibu Tawala wa Mkoa, na miongoni mwa wajumbe wamo wakuu wa wilaya, wabunge, pamoja na wenyeviti, mameya na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa. Ni mkusanyiko mzito, lakini azimio lake haliwezi kuingiza hata shilingi moja katika bajeti ya halmashauri yenu bila baraza lenu la madiwani kuridhia.

Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu iko katika historia. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa mikoa na wilaya waliokuwa wakiwajibika kwa serikali kuu. Ilibidi zitungwe sheria mpya mwaka 1982, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, ndipo halmashauri zikarejea kikamilifu. Sheria ya 1997 ikaendeleza mwelekeo huo: mkoa ukapunguziwa utekelezaji, ukabaki na sekretarieti ya wataalamu wa kuzishauri na kuzisaidia halmashauri. Ukiupa mkoa leo mamlaka ya kuziamuru halmashauri zichangie dampo, kesho mkoa huo utaamuru mgawanyo wa mapato yenu yote.

Sasa ushauri huo unapataje nguvu? Unaipata katika ratiba ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa kati ya Aprili na Juni. Kabla ya hapo mipango hupanda kutoka vijiji na mitaa, ikapitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, menejimenti ya halmashauri, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha baraza. Baada ya hapo wataalamu wa sekretarieti wanaichambua mipango ya halmashauri zote kabla haijafika TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na hao ndio watu pekee wanaoiona ya kwako na ya jirani yako ikiwa juu ya meza moja. Ni wao wanaoweza kugundua kwamba manispaa imetenga fedha za kununua malori ya taka huku ninyi hamjatenga chochote kwa ajili ya barabara ambayo malori hayo yatapita, au kwamba halmashauri mbili zinajenga masoko mawili yatakayogombea wafanyabiashara walewale.

Kwa uzoefu wangu, jambo linalofika kwenye kamati likiwa bado bichi huishia kwenye hotuba. Linalofanikiwa ni lile ambalo wahandisi, maafisa afya na waweka hazina wa pande zote mbili wamekwisha kulijadili, likaandikwa na kupewa gharama, na likawekwa katika rasimu za bajeti za halmashauri zote mbili kwa maneno yanayofanana. Kikao cha mkoa hapo kinakuwa ushahidi mbele ya watu ambao hakuna mkurugenzi angependa kuwaeleza kwa nini hakutekeleza.

Angalizo dogo kuhusu barabara: tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Sehemu hiyo ya malalamiko yako ipelekwe pia katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, la sivyo utakuwa unagonga mlango usiohusika.

Mkazi wa Tabata alijibu:

Mzee wetu ameeleza vizuri, ila napenda kuongeza habari za Dar es Salaam, ambako tulijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2000 tulikuwa na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji iliyokusudiwa kuratibu mambo yanayovuka mipaka, likiwemo dampo la Pugu Kinyamwezi. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Kwa maoni yangu, tatizo la chombo kile lilikuwa kwamba kila kata iliyokuwa chini yake ilikuwa tayari na manispaa yake, hivyo mapato na lawama viligombaniwa na ngazi mbili. Lakini kuvunjwa kwake hakukuondoa haja ya uratibu. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe hadi baharini karibu na daraja la Selander, na hauulizi umeingia eneo la meya gani. Taka zikiuziba huko juu, nyumba za chini zinaingiwa na maji. Ndiyo maana ninapata shaka na neno “ushauri”: anayeumia na mafuriko si yule anayetakiwa kutoa fedha.

Mpwani wa Kilifi alijibu:

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu hakuna mkoa unaosimama juu ya kaunti. Ibara ya 189 ya Katiba ya 2010 inazitaka serikali zishirikiane na inaruhusu ziunde kamati na mamlaka za pamoja. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zina umoja wao uitwao Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Lamu na Tana River vilevile zimo katika baraza la kaunti za mpakani kaskazini, na kwa hiyo zinapanga na majirani wa pande mbili.

Mfano wetu unaolingana na dampo lako, Mheshimiwa, ni maji. Mombasa ni kisiwa na vitongoji vyake. Maji yake mengi yanatoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho hapa Kilifi, na Marere na Tiwi huko Kwale. Mjadala wa nani alipwe nini kwa maji hayo umetushinda kuumaliza kwa miaka mingi, kwa sababu umoja wa hiari hauna njia ya kumfanya mwanachama alipe. Magavana wakielewana mambo husonga, na uchaguzi ukiwabadilisha mnaanza kujuana upya. Ninyi angalau mna sekretarieti ya kudumu.

Diwani wa Mpakani aliandika tena:

Nashukuru sana. Nina swali moja la nyongeza kwa mzee wetu: tukikubaliana na manispaa, makubaliano yenyewe yanakaa wapi ili yasipotee madiwani wakibadilika?

Afisa Mipango Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa, yasiishie katika muhtasari wa kikao cha mkoa. Sheria za 1982 zinaruhusu halmashauri kuunda kamati ya pamoja, nami ningeanzia hapo. Kisha uandikwe mkataba kati ya halmashauri mbili, upitishwe na mabaraza yote mawili, ukitaja ada itakayolipwa kwa kila tani ya taka inayoingia, nani anayepima uzito, nani anayefukia taka kwa udongo, na eneo litafungwa lini. Mwanasheria wa kila halmashauri aupitie kabla ya kusainiwa.

Ada hiyo ionekane kama mapato katika bajeti yenu na kama matumizi katika bajeti ya manispaa, kwa tarakimu ileile. Hapo mkaguzi atakapokuja ataiuliza hata kama madiwani wote ni wapya. Na kwa kuwa manispaa ndiyo inayohitaji upanuzi, msitoe ridhaa ya ardhi kwanza halafu mkaanza kudai ada baadaye.