Kazini wanafunga Krismasi, siku zinakatwa kwenye likizo yangu

Dada wa Leeds:

Habari za humu ndani ndugu zangu. Naomba msaada, hasa mlioko Uingereza. Nimeajiriwa kwenye ghala tangu tarehe 1 Oktoba, mkataba wa kudumu, Jumatatu hadi Ijumaa. Tarehe 12 Desemba meneja kabandika tangazo: tunafunga kuanzia Jumatatu tarehe 22 hadi Ijumaa tarehe 2 Januari, na kila mtu atakatwa siku kwenye likizo yake ya mwaka. Sisi wapya kazini ambao siku hazitoshi, zinazobaki hatulipwi. Krismasi kwangu mimi haina shughuli, hizo siku nilikuwa nazitunza kwa ajili ya Idd. Ana haki hiyo kweli?

Kaka wa Birmingham:

Dada, pole. Kufunga ana haki, na hata kukupangia lini uende likizo ana haki. Wengi wetu tunadhani likizo ni mali yetu tukiipanga tutakavyo, kumbe kanuni za muda wa kazi za mwaka 1998 zinamruhusu mwajiri kusema "nenda sasa". Kinachombana ni taarifa. Anatakiwa akuambie mapema, mara mbili ya siku anazotaka uchukue.

Sasa tuhesabu. Kati ya tarehe hizo kuna siku 10 za kazi. Tarehe 25, 26 na 1 ni sikukuu za kitaifa, zinabaki 7. Siku 7 zinadai taarifa ya siku 14, naye amewapa 10. Hapo amechelewa.

Ila usikimbilie kwa meneja kabla hujausoma mkataba, na kijitabu cha wafanyakazi pia. Makampuni mengi yanaweka sentensi moja katikati huko: "utabakiza siku kadhaa kwa ajili ya kufunga mwisho wa mwaka". Kama ipo na uliitia sahihi, ulishapewa taarifa siku ulipoanza kazi, na hoja ya siku 14 inakufa palepale.

La pili ndilo zito zaidi, hizo siku zisizolipwa. Kiwango cha chini cha sheria ni wiki 5.6, yaani siku 28 kwa anayefanya siku 5 kwa wiki, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu humohumo. Mwaka wa kwanza unajichumia sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi. Oktoba, Novemba, Desemba: una siku 7. Kama sikukuu zimo ndani ya 28, yeye anahitaji 10, wewe unazo 7. Hizo 3 hawezi kuzigeuza likizo bila malipo kwa tangazo la ukutani. Wewe ni mzima, uko tayari kufanya kazi, mlango ameufunga yeye. Kama mkataba haumruhusu kukusimamisha bila mshahara, akikukata ni makato yasiyo halali. Njia nyepesi ni akukopeshe siku za mbele, na wengi hukubali wakiombwa kwa maandishi.

Kwa maandishi, narudia. Maneno ya korido hayana ushahidi.

Mama wa London:

Wanangu, msiwasahau wa ajensi. Asiye na saa maalumu hana la kudai ghala likifungwa, ajensi haikumwahidi zamu. Lakini likizo anayo! Inahesabiwa asilimia 12.07 ya saa alizofanya. Saa 100 zinakupa saa 12 na kidogo. Wengine wanalipwa hela ya likizo humohumo ndani ya mshahara wa kila wiki, na hiyo lazima ionekane peke yake kwenye slipu ya mshahara. Kama haionekani, uliza hela zimekwenda wapi. Vijana wanaacha hela nyingi sana huko.

Na wenye viza ya kazi ya kudhaminiwa mjihadhari na neno "bila malipo". Siku hizo zikizidi wiki 4 kwa jumla ndani ya mwaka wa kalenda, ukiacha mambo kama ugonjwa na uzazi, mdhamini anatakiwa asitishe udhamini. Wiki moja ya Krismasi si tatizo. Tatizo ni ikiongezwa juu ya zile ulizoomba mwenyewe kwenda msibani.

Ndugu wa Hamburg:

Huku Ujerumani mwajiri akifunga tu bila kupanga likizo kwa utaratibu, mshahara unaendelea, sheria ya madai kifungu cha 615 iko wazi. Akitaka mtumie likizo awe na sababu nzito za kikazi, na palipo na baraza la wafanyakazi lazima wakubaliane nalo. Kinachowanasa wageni ni tarehe 24 na 31 Desemba: kisheria si sikukuu. Usibaki nyumbani kwa kuona mji umelala.

Dada wa Leeds:

Asanteni sana. Mkataba nimeusoma mara mbili, hakuna kifungu cha kufunga wala cha kusimamishwa. Sikukuu zimo ndani ya 28 kama kaka alivyosema. Niandike nini? Sitaki kuonekana mkorofi, bado niko kwenye majaribio.

Kaka wa Birmingham:

Andika kwa upole, mistari michache: umeliona tangazo la tarehe 12, uko tayari na unaweza kufanya kazi siku zote hizo, unaomba ufafanuliwe ni kifungu gani cha mkataba kinachoruhusu siku zisizolipwa, na unapendekeza ukopeshwe siku 3. Hoja ya taarifa fupi itaje sentensi moja, usiishikilie sana. Ukishinda hapo utabaki na siku za Idd, lakini mshahara ndio wa kupigania kwanza. Barua hiyohiyo iombe na Idd, kwa maneno "siku 2 kulingana na mwandamo wa mwezi", maana naye anaruhusiwa kukataa na ni vizuri awe na muda wa kupanga watu.

Wakikata, piga simu Acas, shirika la ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni bure. Ndio mlango wa kupitia kabla ya mahakama ya kazi, na muda wa kudai ni mfupi, usingoje mambo yapoe. Slipu ya Desemba na ya Januari zihifadhi. Hilo tangazo nalo lipige picha kesho, kabla halijabanduliwa.