Je, mahakama inaweza kuamua kipi ni sayansi? Kuhusu kesi ya Dover

Mtafuta Hoja:
Ndugu wanajukwaa, kila mabishano kati ya watetezi wa mageuko ya viumbe na watetezi wa uumbaji yanapopamba moto, hakosekani mtu wa kuitaja kesi ya Dover, Pennsylvania, Marekani, kana kwamba hukumu ile ya mwaka 2005, iliyosema kwamba dai la viumbe kusanifiwa na mwenye akili si sayansi, ilifunga mjadala. Nina mashaka mawili. Kwanza, jaji ni mwanasheria. Ana mamlaka gani ya kutuambia kipi ni sayansi? Pili, shuleni tulifundishwa kwamba sayansi ni uchunguzi na majaribio yanayoweza kurudiwa. Hakuna aliyemwona samaki akitoka majini na kuwa mnyama wa nchi kavu, wala hakuna maabara inayoweza kulirudia tukio hilo. Kwa nini basi upande mmoja uitwe sayansi na mwingine uitwe imani? Naomba hoja, si kejeli. Kejeli nimeshazisoma za kutosha.

Wakili wa Zamu:
Ndugu Mtafuta Hoja, wengi huitaja kesi hii bila kujua kilichopelekwa mahakamani. Oktoba 2004 bodi ya shule za Dover iliamua kwamba wanafunzi wa biolojia wa darasa la tisa wasomewe tamko lililosema nadharia ya Darwin ina mapengo, na lililowaelekeza kwenye kitabu kinachodai kuwa viumbe vilisanifiwa na mwenye akili. Wazazi 11 wakashtaki. Swali la kisheria lilikuwa kama shule ya umma inaingiza dini darasani, jambo ambalo Katiba ya Marekani inalikataza. Jaji John E. Jones, ambaye aliteuliwa na Rais George W. Bush, asingeweza kulijibu swali hilo bila kupima kama tamko lile lilikuwa na msingi wowote wa kisayansi. Kwa hiyo hakujipachika cheo cha uanasayansi. Alipima ushahidi wa wataalamu, kama majaji wafanyavyo hata katika kesi za matibabu.

Na ushahidi ulikuwa mzito. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Louisiana iliyotaka mageuko yasifundishwe bila uumbaji kufundishwa pia. Rasimu za kitabu kile zilionyesha kwamba baada ya hukumu hiyo waandishi walifuta "watetezi wa uumbaji" wakaweka "watetezi wa usanifu", na mahali pamoja ufutaji ukafanyika nusunusu, neno la zamani likabaki linachungulia pande zote mbili za jipya. Naye profesa Michael Behe, shahidi wa bodi, alipobanwa kwa maswali alikubali kwamba kwa tafsiri yake ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu, yaani utabiri wa kutumia nyota, ungeingia.

Mwalimu wa Biolojia:
Nijibu swali la pili. Si lazima tukio lenyewe lirudiwe. Kinachorudiwa ni uchunguzi wa alama lilizoziacha. Binadamu ana kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) 46, ilhali sokwe, gorila na orangutani wana 48. Ikiwa tuna asili moja nao, jozi nzima haiwezi kuwa imepotea hivi hivi, kwa sababu upotevu wa jeni nyingi kiasi hicho ungeua. Basi kromosomu mbili ziliungana, na mahali zilipoungania panapaswa kuonekana. Kwenye ncha za kromosomu kuna herufi sita za DNA, TTAGGG, zinazojirudia mara nyingi. Mwaka 1991 watafiti walikuta mfuatano huo ndani ya kromosomu namba mbili ya binadamu, mbali na ncha zake, na kisha ghafla ukageuka kuwa CCCTAA, kama inavyotarajiwa ncha mbili zikikutana uso kwa uso. Aliyeyaeleza haya pale Dover ni Kenneth Miller, mwanabiolojia ambaye ni Mkatoliki, jambo linalosahauliwa na wanaodhani ugomvi huu ni wa Mungu na wasioamini.

Kuhusu samaki wako: mtafiti wa visukuku Neil Shubin na wenzake walikisia umri wa miamba ambamo kiumbe wa kati, baina ya samaki na wanyama wa nchi kavu, angepatikana, wakaenda kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, chenye miamba ya takriban miaka milioni 375. Baada ya misimu kadhaa ya kuchimba, mwaka 2004 walimpata Tiktaalik, mwenye magamba na mapezi ya samaki, lakini pia mwenye shingo.

Mpenda Falsafa:
Nakubaliana na hukumu, ila tujihadhari na kauli rahisi kwamba uumbaji "haupimiki". Katika kesi ya Arkansas ya mwaka 1982, iliyohusu kufundisha uumbaji shuleni, jaji William Overton aliorodhesha sifa za sayansi, zikiwemo kupimika na kuweza kukanushwa, akasema uumbaji hauna sifa hizo. Mwanafalsafa Larry Laudan, ambaye hakuwa mtetezi wa uumbaji hata kidogo, alipinga: dai la kwamba dunia ina miaka elfu chache na matabaka ya miamba yalitandazwa na gharika moja linapimika vizuri sana, limepimwa, na limeshindwa. Kulitoa nje ya vipimo ni kulipa hifadhi lisiyostahili. Hapo mimi niko na Laudan. Msanifu aliyetajwa katika kesi ya Dover ni suala jingine, kwa kuwa watetezi wake hawasemi alisanifu lini wala kwa njia gani.

Mtafuta Hoja:
Nashukuru. Lakini Muumba hangeweza kuiumba kromosomu ikiwa na alama hiyo tangu mwanzo?

Mpenda Falsafa:
Angeweza, ndugu yangu, na hakuna kipimo cha kukukanusha. Ila angeweza pia kuiumba bila alama, na jibu lako lingebaki lile lile. Kama mfuatano ule haungepatikana, pamoja na mabaki yoyote ya muungano, ni watetezi wa mageuko ambao wangekuwa na kazi ya kujieleza. Sisemi imani yako ni uongo. Nasema haikumpa mtafiti yeyote sababu ya kuchungulia mahali pale.